Goita na saratani ya tumbo: mbona ramani zao zinafanana?

Shingo na tumbo vimekutania wapi?
Kwenye ramani. Wachunguzi wa Italia na Poland wameandika kwamba sehemu zenye goita (uvimbe wa tezi ya shingo) nyingi, hasa za milimani, mara nyingi ndizo zenye vifo vingi vya saratani ya tumbo. Hata kwetu Afrika Mashariki, saratani hii imeripotiwa zaidi nyanda za juu, kama kando ya Mlima Kenya na Kilimanjaro, kuliko nyanda za chini. Mvua ya milimani huosha madini ya iodini kwenye udongo, na tezi ya shingo ikiyakosa huvimba.

Kwa hiyo ukosefu wa iodini huleta saratani?
Polepole hapo. Mwezi wa Aprili Nairobi miavuli huongezeka na matope pia, ila mwavuli haujawahi kuleta matope. Ramani huhesabu maeneo, haimhesabu mtu mmoja mmoja. Ni kweli kwamba tumbo nalo hufyonza iodini kutoka kwenye damu kama tezi inavyofanya, kwa hiyo wazo hili si la kupuuzwa. Poland ililazimisha chumvi kutiwa iodini mwaka 1997, na saratani ya tumbo ikapungua. Lakini huko Marekani saratani hiyo ilikuwa ikipungua tangu miaka ya 1930. Friji zilipoenea, watu waliacha kuhifadhi nyama na samaki kwa chumvi nyingi. Mimi lawama kubwa naiweka kwa bakteria ya tumboni iitwayo H. pylori, ambayo tangu 1994 Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani.

Basi hakuna uhusiano wowote mwilini?
Upo, na hauhitaji mlima. Kuna watu ambao kinga yao ya mwili hushambulia tezi, na baadhi yao kinga hiyo hiyo hushambulia chembe za tumbo zinazotoa asidi. Ukuta wa tumbo hukonda, vitamini B12 hupungua, na hatari ya saratani hupanda.

Wazazi wangu ni wa Nyeri, kando ya Mlima Kenya, mimi naishi Kayole, Nairobi. Niongeze chumvi?
La! Kenya imelazimisha chumvi ya mezani kutiwa iodini tangu 1978, kwa hiyo kiasi kidogo chatosha. Chumvi nyingi yenyewe huchangia saratani ya tumbo. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Ifunike, uiweke mbali na joto la jiko.

Nina vidonda vya tumbo visivyoisha. Nipime nini?
H. pylori, kwa choo au kwa pumzi. Kipimo cha damu hakitofautishi maambukizi ya zamani na ya sasa. Na hapa ndipo wengi hukosea: wanameza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, ya kemisti hadi asubuhi ya kipimo, kisha majibu yanasema hakuna kitu. Dawa hiyo iachwe wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4, baada ya kuongea na daktari. Ukikonda bila sababu, ukitapika mara kwa mara, chakula kikikwama au choo kikiwa cheusi, usingoje kipimo hicho. Omba kamera ya tumbo.

Natumia levothyroxine, dawa ya homoni ya tezi, na dozi inapanda kila kliniki.
Unaimeza na chai ya maziwa? Imeze kwa maji, tumbo likiwa tupu, ungoje nusu saa hadi saa moja. Dozi ikiendelea kupanda, mwambie daktari akague tumbo: dawa hiyo huhitaji asidi ili ifyonzwe vizuri.