Mpe Mwananchi Simu, Kisha Nyamaza: Kuijaribu Tovuti ya Huduma Kabla ya Kuizindua

Tovuti nyingi za huduma kwa umma hapa magharibi mwa Kenya hujengwa ofisini, kwenye kompyuta yenye skrini pana na intaneti isiyokatika. Zikifika kwa wananchi hufunguliwa kwenye simu ndogo, kwa bando la shilingi 20, pengine juani katika soko la Kibuye mjini Kisumu huku wateja wakisubiri. Aliyeijenga anajua kila kitufe kiko wapi kwa sababu alikiweka mwenyewe. Mzazi wa Nyalenda anayemtafutia mwanawe basari hajui, wala hana sababu ya kujua. Pengo kati ya hao wawili halionekani mkutanoni hata mkikutana mara ngapi. Huonekana pale mtu ambaye hakuhusika na ujenzi anapoketi, akapewa kazi ya kweli aifanye kwenye tovuti, na wajenzi wakamtazama bila kumsaidia. Hilo ndilo jaribio la utumiaji. Sisi tunaofundisha teknolojia ya habari tunaamini kwamba taasisi inayojenga tovuti kwa fedha za umma haifai kuliruka.

Kiwango cha kimataifa cha utumiaji, ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, kinauliza mambo 3: je, mtumiaji anafikia lengo lake, anatumia muda na juhudi kiasi gani, na anaridhika? Halafu kinaongeza sharti ambalo wengi hulisahau, kwamba lazima useme ni mtumiaji gani na yuko katika mazingira gani. Hakuna tovuti iliyo rahisi kwa kila mtu na kila mahali. Iliyo rahisi kwa mwanafunzi wa chuo pale Maseno inaweza kumshinda kabisa mvuvi wa Dunga.

Chukua fomu ya basari. Mjenzi ameandika kwamba nambari ya kitambulisho lazima iwe na tarakimu 8. Vitambulisho vya wazee wengi vina tarakimu 7, hivyo bibi anayemlea mjukuu yatima anakataliwa na mashine kabla binadamu yeyote hajasoma ombi lake. Fomu nyingine hukubali simu zinazoanza na 07 peke yake, ingawa nambari za 01 zimekuwa zikitolewa tangu mwaka 2019. Nyingine hudai barua ya chifu ipakiwe ikiwa na ukubwa usiozidi kiasi fulani, lakini picha iliyopigwa kwa simu ni kubwa kuliko hapo, na ujumbe unaotokea ni neno moja jekundu lisiloeleza kosa ni lipi wala litarekebishwaje. Kisha kuna muda. Mama anainuka kwenda kutafuta nambari ya usajili ya mtoto, anarudi na kukuta ukurasa umejifunga na yote aliyoandika yamepotea. Mjenzi hawezi kuyatambua hayo akiwa peke yake, maana yeye huijaza fomu kwa majina ya kubuni na hana haja ya kuinuka.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Meza, simu ya mtumiaji mwenyewe, mtu mmoja wa kuongoza na mwingine wa kuandika vinatosha. Ugumu uko katika mwenendo wa anayeongoza. Kwanza, toa hali halisi, usitoe maelekezo. Ukisema "bofya Maombi, kisha ujaze fomu," umeshamfanyia nusu ya kazi. Sema hivi: "Mama, mwanao yuko shule ya upili na karo ya muhula haijakamilika. Umesikia kaunti inatoa basari kupitia tovuti hii. Iombe." Kisha umweleze waziwazi, na umaanishe: "Hatukupimi wewe. Tunaipima tovuti. Ukikwama, kosa ni letu."

Mwombe aseme kwa sauti anachokifikiria anapoendelea. Njia hii ya kufikiri kwa sauti ililetwa katika fani yetu na mtafiti Clayton Lewis alipokuwa kampuni ya kompyuta ya IBM, mwaka 1982, na hadi leo sijaona inayoipita kwa faida. Mwache azungumze lugha inayomjia, Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya au mchanganyiko wake, mradi anayeandika anaielewa. Mtu anayelazimishwa kufikiri kwa lugha ya ofisi huchuja mawazo yake kabla hayajatoka, na yale anayoyaficha ndiyo unayoyahitaji.

Baada ya hapo, nyamaza. Hapa ndipo wengi hushindwa. Mzee atauliza, "Hapa nibonyeze?" na mkono wako utataka kuonyesha. Mjibu kwa upole: "Mzee, kama nisingekuwepo, ungefanyaje?" Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema lolote. Katika kimya hicho utaona kidole kikielea juu ya neno asilolielewa au akirudi nyuma kurasa mbili. Huenda ukamwona akibonyeza picha ambayo haikukusudiwa kubonyezwa, kwa sababu inafanana na kitufe.

Usiyategemee sana maneno ya mwisho. Kwetu, mtu aliyekaribishwa hasemi vibaya kuhusu kazi ya mwenyeji wake. Atahangaika dakika ishirini bila kumaliza, ukimuuliza atakwambia, "Iko sawa tu." Andika alichofanya: alifika wapi, alikwama wapi, alihitaji msaada wakati gani. Ukitaka kipimo cha maoni, kipo kile cha maswali 10 alichokitunga John Brooke mwaka 1986, chenye alama kati ya 0 na 100, ambapo wastani unaotajwa sana ni 68. Ni kizuri kwa kulinganisha toleo la zamani na jipya, ila hakitakuonyesha kitufe kilichomkwamisha mtu. Na kama umepanga kumpa mshiriki nauli au shukrani, mpe kabla ya kuanza, ili asidhani inategemea kufaulu.

Watu wangapi? Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja alifichua kwa wastani karibu asilimia 31 ya matatizo. Ukifuata hesabu hiyo, watu 5 hufichua takriban asilimia 85. Hivyo badala ya kutumia bajeti yote kwa kundi moja kubwa, jaribu na 5, rekebisha, kisha jaribu na 5 wengine. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba watumiaji wanafanana. Kama tovuti yako inawahudumia wazazi wa vijijini Nyando na pia wanafunzi wa chuo mjini, chukua watu 3 au 4 kutoka kila kundi. Wala usitangaze kwamba "asilimia 80 ya wananchi wanaiweza" kwa sababu wanne kati ya watano walimaliza. Idadi hiyo ni ya kutafuta kasoro tu.

Kuna kundi moja ambalo karibu kila taasisi hulisahau, nalo ni wahudumu wa saiba, yaani maduka ya kompyuta na intaneti. Kuanzia Kondele hadi Mumias na Njoro, wao ndio wanaojaza fomu za serikali kwa niaba ya maelfu ya watu wasio na simu za kisasa au wasiojiamini. Wanajua ni ukurasa gani hukwama na saa ngapi. Pia mazoea yao huibua tatizo zito: mteja asiye na barua pepe hufunguliwa akaunti kwa barua pepe au simu ya mhudumu. Basi msimbo wa uthibitisho na taarifa kwamba ombi limekubaliwa humfikia mhudumu, naye mwenye ombi hapati habari. Keti saibani asubuhi moja siku za mwisho wa kupokea maombi, kwa ruhusa ya mwenye duka na ya wateja, utajifunza mengi ambayo ripoti ya mkandarasi haina.

Kuhusu akaunti, mtaalamu Jared Spool wa Marekani alieleza mwaka 2009 kisa cha duka kubwa la mtandaoni lililowataka wanunuzi wajisajili kabla ya kulipa. Watafiti waliwapa watu fedha wanunue vitu walivyohitaji kweli, wakawatazama. Wageni walichukizwa na kudaiwa usajili, na wateja wa zamani hawakukumbuka barua pepe wala nywila waliyotumia. Kitufe cha kujisajili kikabadilishwa kuwa "Endelea", pamoja na maelezo mafupi kwamba akaunti si lazima. Idadi ya walionunua ilipanda kwa asilimia 45, na mauzo ya mwaka wa kwanza yakaongezeka kwa dola milioni 300. Tovuti ya basari haiuzi kitu, lakini mzazi anayedaiwa nywila kabla hata ya kusoma masharti huondoka vivyo hivyo.

Wajumuishe pia wasioona na wenye uoni hafifu. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu tovuti kufikiwa na watu wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na anayesoma juani hufaidika pia. Washa TalkBack, programu ya simu za Android inayosoma skrini kwa sauti, fumba macho, ujaribu kufika mwisho wa fomu yako kwa kusikiliza tu. Kisha mwombe anayeitumia kila siku aijaribu mbele yako. Lugha nayo ipimwe: Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hivyo toleo la Kiswahili si hisani, na lijaribiwe na watu kama lile lingine.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu majaribio haya pia. Omba idhini kabla ya kurekodi sauti au skrini, eleza rekodi itafutwa lini, na umpe mshiriki nambari ya kitambulisho ya kubuni ikiwa hakuna haja ya ile yake halisi.

Siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu hazijapoa, timu ikae. Yanayomzuia mtu kumaliza yarekebishwe kwanza, hata kama ni mambo madogo kama tarakimu 7. Yanayoudhi tu yangoje, na rangi za nembo zije baadaye kabisa. Mwalike mkurugenzi ashuhudie angalau kipindi kimoja, kwa sababu ubishi wa miezi juu ya ukurasa wa tatu huisha akimwona mama mmoja akikwama hapo. Marekebisho yakiisha, tafuta watu wapya: wale wa kwanza tayari wanaijua njia.