Je, wajua kwa nini hakuna twiga ndani ya Kreta ya Ngorongoro?

Mgeni anayeshuka kretani asubuhi kwa njia ya Seneto mara nyingi huwa ameshawaona twiga kule juu, wakichuma majani ya migunga kwenye miteremko ya nje inayoelekea Serengeti. Akifika chini huwakuta nyumbu, pundamilia, nyati, simba na, akiwa na bahati, faru weusi. Lakini twiga, mnyama wa taifa la Tanzania, hamwoni hata mmoja.

Jibu linalotolewa zaidi ni kuta. Kreta hii ilitokea zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, mlima wa volkano ulipolipuka na kilele chake kudidimia, nayo ina kina cha takriban mita 600. Twiga, mwenye miguu mirefu na mwili uliolemea mbele, hupata taabu kushuka mteremko mkali wenye mawe. Hilo ni kweli, ila peke yake halitoshi, kwa kuwa tembo mwenye uzito wa tani kadhaa hupanda na kushuka kuta hizo hizo.

Sababu nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni chakula. Twiga hula majani ya miti, na dume mkubwa huweza kumaliza zaidi ya kilo 30 kwa siku, ilhali sakafu ya kreta, yenye kilomita za mraba 260 hivi, sehemu kubwa ni uwanda wa nyasi unaozunguka maji ya chumvi ya Ziwa Magadi. Miti iko zaidi katika Msitu wa Lerai, wenye jina la Kimaasai la mgunga wa gome la manjano, na msitu huo wenyewe umepungua kwa miaka mingi, huku tembo wakivunja matawi na kuharibu miche.

Mwangalie swalapala: ni mwepesi, mteremko haumsumbui, lakini kwa kuwa naye hutegemea vichaka wakati wa kiangazi, kretani hayumo. Hata tembo wanaoonekana sakafuni wengi ni madume makubwa, maana majike na watoto wao hukaa zaidi katika misitu ya kingoni.

Basi anayetaka picha ya twiga amwombe dereva asimame kabla ya kufika lango la Seneto.