Kijiti cha F na S kikivunjika saa haijafa

Nimeona watu wanatupa saa nzuri za zamani, zile za kujaza kwa mkono, eti regyuleta (kijiti cha kurekebisha mwendo wa saa) imevunjika. Inaniuma kweli.

"Regyuleta ikivunjika saa ndo basi." Sio kweli. Regyuleta ni kale kajiti kanakokaa juu ya balansi (lile gurudumu linalozunguka kwenda na kurudi), kwenye saa za Marekani kama Waltham utaona F (fast, haraka) na S (slow, taratibu), za Uswisi mara nyingi A na R, maana ni ileile kwa Kifaransa. Chini yake kuna pini mbili ndogo sana, na ile springi nyembamba kama unywele inapita katikati yake. Ukisogeza upande wa F springi inayofanya kazi inakuwa fupi na saa inakimbia, ukisogeza S inakuwa ndefu inachelewa. Kwa hiyo kama kimekatika kile kimkia cha kijiti tu, pini zikiwa nzima, saa inaendelea na mwendo wake uleule, fundi ataisogeza kwa kifaa kingine.

"Pini hazina maana, mbona kuna saa zisizokuwa nazo." Zipo, lakini zilitengenezwa hivyo tangu mwanzo, zinarekebishwa kwa skrubu au vizito vya kwenye balansi. Yako ilipigiwa hesabu na pini, ukiziondoa springi inarefuka mpaka pale ilipofungwa na saa inachelewa dakika kadhaa kwa siku.

"Saa ikikimbia lazima ni regyuleta." Hapana, cheki sumaku kwanza, mikunjo ya springi ikigandana saa inakimbia vibaya mno hata usogeze nini.

"Weka supaglu." Jamani usithubutu!! Tone likigusa springi umeharibu kitu ambacho kilikuwa kizima. Tafuta regyuleta kwenye saa mbovu ya mashine hiyohiyo (namba mara nyingi iko chini ya balansi au pembeni yake), au fundi mzuri atakuchongea pini mpya ya shaba.

Saa ya babu yangu asubuhi ilikuwa inaenda vizuri, jioni ikilegea ufunguo inachelewa, kila mtu anasema ioshwe. Nikaiangalia kwa lenzi, pini moja imelala kama msumari uliopigwa kombo, nafasi imekuwa pana na springi inaelea bila kugusa pini pale balansi ikizunguka kidogo. Fundi akainyoosha taratibu kwa kibano, akabakiza nafasi ya springi kupumua tu, akaipima imelala alafu imesimama. Sasa hivi jioni haichelewi tena.