Je, wajua kwa nini springi nene kidogo tu huipotezea Benz ya zamani ulaini wake?

Ukipakia magunia ya korosho kwenye buti la Mercedes-Benz W123, Benz iliyozinduliwa mwaka 1976, ukashuka nayo kutoka Newala hadi Mtwara mjini, nyuma italala. Hiyo ni kawaida. Shida ni pale inapobaki imelala hata buti likiwa tupu, na wengi hapo hukimbilia springi nene. Naomba usiharakishe.

Ugumu wa springi hupanda kwa unene wa waya uliozidishwa wenyewe mara nne. Waya ukinenepa kwa asilimia 10 tu, springi inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 46 zaidi. Kwa macho huoni tofauti, lakini mgongo wa abiria wa nyuma utaiona. Shokapu za zamani nazo hazitaweza kuituliza springi hiyo, kwa hiyo gari itarusha kila penye tuta. Kukata mizunguko kunaleta ugumu vilevile: springi ya mizunguko 10 ikibaki na 8, ugumu umepanda kwa asilimia 25, na gari imeshuka zaidi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba springi iliyochoka kwa kawaida haijalainika. Chuma chake kina ugumu uleule. Kilichopungua ni urefu. Ndiyo maana springi yako kuukuu bado ni kipimo kizuri: pima unene wa waya kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) pale ambapo kutu haijala, hesabu mizunguko, kisha tafuta mpya inayolingana nayo.

Kabla ya kununua, angalia raba inayokaa juu ya springi. Kiwanda kilizitoa kwa unene tofauti ili kurekebisha kimo. Springi ya nyuma ya W123 hukaa kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu, mbele ya gurudumu lenyewe, kwa hiyo raba nene kidogo huinua gari zaidi ya unene ulioongezeka. Kagua pia mzunguko wa chini kabisa, maana mchanga na maji ya chumvi hutuama hapo, na kwa magari ya Mikindani au Lindi mjini ndipo chuma huanza kuliwa.

Badilisha springi zote mbili za nyuma kwa pamoja. Na usikubali springi za W123 ya stesheni wagoni: ile ina mfumo wa mafuta na gesi unaosaidia kubeba mzigo, springi hazibebi peke yake.