Drafti au wachezaji huru? Timu ya NFL hujengwa kwa hesabu ya nafasi

Aliyezoea usajili wa soka, uwe wa Simba na Yanga au wa Ulaya, akianza kufuatilia NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, hudhani klabu tajiri itajinunulia ubingwa. Haiwezi. Klabu zote 32 zinabanwa na kikomo kimoja cha mishahara, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila klabu. Ada ya uhamisho kama ya soka haipo: klabu zinabadilishana wachezaji kwa wachezaji, au kwa haki za kuchagua kwenye drafti, zoezi la kila mwaka ambalo klabu huchagua kwa zamu wachezaji wapya. Kila dola unayomlipa beki ni dola uliyomnyima mtu mwingine kwenye kikosi kilekile cha wachezaji 53.

Ndiyo maana ubishi wa "drafti ni bora" na "wachezaji huru (waliomaliza mikataba) ni bora" huwa hauniingii akilini. Swali la kuuliza ni nafasi ipi inajazwa kupitia mlango upi. Nafasi ambazo soko linazilipa ghali, zitafute kwenye drafti. Nafasi ambazo soko linazibania, zinunue Machi, soko la wachezaji huru linapofunguliwa. Klabu nyingi zinazokwama miaka mitano mfululizo zimefanya kinyume.

Tuanze na bei. Hadi 2010 mchezaji wa kwanza wa drafti alikuwa mzigo. Sam Bradford, aliyechukuliwa wa kwanza mwaka huo na St. Louis Rams, alisaini miaka 6 kwa dola milioni 78, 50 kati yake zikiwa na dhamana (analipwa hata akiachwa), kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi. Mkataba mpya kati ya ligi na chama cha wachezaji wa 2011 ukabadilisha mambo: Cam Newton, wa kwanza mwaka huohuo, alipata takriban dola milioni 22 kwa miaka 4. Tangu hapo malipo ya mchezaji mpya yanafuata namba aliyochaguliwa. Nafasi anayocheza uwanjani haibadilishi kitu, na hilo ndilo kosa la bei ambalo meneja mkuu mwerevu analinyonya.

Drafti ya 2018 inaonyesha vizuri. Msimu huohuo wa usajili, Minnesota walimchukua Kirk Cousins, kwotabeki huru (kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), kwa dola milioni 84 za miaka 3, zote zenye dhamana: milioni 28 kwa mwaka. Mwezi mmoja baadaye Buffalo wakamchagua kwotabeki Josh Allen katika namba 7, na mkataba wake wote wa miaka 4 ukawa takriban milioni 21. Baltimore wakamchukua Lamar Jackson katika namba 32 kwa takriban milioni 9.5 za miaka 4. Mwaka 2019, akiwa bado kwenye mkataba huo, akawa mchezaji bora wa ligi. Sasa tazama New York Giants, waliokuwa na namba 2. Walimchagua Saquon Barkley, mkimbiaji wa mpira, kwa dola milioni 31.2 za miaka 4. Barkley alikuwa mchezaji hodari kweli, lakini Julai hiyohiyo mkimbiaji aliyelipwa vizuri zaidi, Todd Gurley, alisaini nyongeza ya karibu milioni 14.4 kwa mwaka. Kwa hiyo hata Barkley angekuwa bora kuliko wote, Giants waliokoa milioni 6 na ushei kwa mwaka. Kwa Allen, akiwa wa kiwango cha Cousins tu, Buffalo waliokoa zaidi ya milioni 22 kwa mwaka. Kwa fedha hiyo unapata mlinzi wa kwotabeki, beki wa pembeni na chenji inabaki.

Akiba hiyo ina mwisho wake. Mkataba wa aliyechaguliwa ni miaka 4. Wa raundi ya kwanza klabu inaweza kuuongeza mwaka wa 5, na uamuzi huo hufanywa mapema Mei baada ya msimu wa 3. Baada ya msimu huohuo wa 3 mchezaji anaruhusiwa kujadili mkataba mpya, na wakala wake hapotezi hata siku. Dirisha halisi ni misimu mitatu au minne. Seattle walilitumia kama inavyotakiwa: Earl Thomas na Kam Chancellor wa drafti ya 2010, Richard Sherman wa raundi ya 5 mwaka 2011, Bobby Wagner na kwotabeki Russell Wilson wa 2012. Wilson, wa raundi ya 3, alilipwa chini ya dola milioni 1 msimu wa 2013. Nafasi hiyo kwenye kikomo ndiyo iliyowapa Michael Bennett na Cliff Avril, wachezaji huru wawili wa kumkimbiza kwotabeki wa upande wa pili. Wakaifunga Denver 43-8 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2014.

Upande wa drafti kinachoharibu zaidi ni kupanda, yaani kutoa chaguo nyingi ili upate moja ya juu. Klabu zimetumia kwa miaka jedwali la Jimmy Johnson, kocha wa zamani wa Dallas, linaloipa namba 1 pointi 3,000, namba 16 pointi 1,000 na namba 32 pointi 590. Ni jedwali la kurahisisha biashara, halikutengenezwa kupima ubora wa watu. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walipolinganisha wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana, yule wa juu alimzidi mwenzake mara 52 tu kati ya 100. Karibu sawa na kurusha sarafu, na watu wanauza drafti nzima ya mwaka ujao kwa ajili yake! Carolina mwaka 2023 walitoa namba 9, namba 61, chaguo la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, pamoja na mpokeaji wao bora DJ Moore, wakapata namba 1 na kumchukua kwotabeki Bryce Young. Wakamaliza msimu na ushindi 2 na vipigo 15. Chaguo lao la 2024 likageuka namba 1 ya drafti, mikononi mwa Chicago. Kijana alikuja kucheza bila mpokeaji wa kumtegemea kwa sababu mpokeaji huyo ndiye aliyelipia safari yake.

Turudi Machi. Mchezaji anakuwa huru kabisa mkataba wake ukiisha akiwa na misimu 4 au zaidi inayohesabiwa. Msimu unahesabiwa akiwa kikosini kwa malipo kamili walau mechi 6. Akiwa na misimu 3 klabu yake bado inaweza kumbakisha kwa kulipa sawa na ofa aliyopata kwingine. Na klabu inaweza kumzuia mchezaji mmoja kwa mwaka kwa kumlipa, kwa ujumla, wastani wa wale watano wa juu wa nafasi yake au asilimia 120 ya mshahara wake uliopita, kiasi kilicho kikubwa. Maana yake wanaofika sokoni wamekwisha chujwa. Klabu inayomjua kuliko wote, iliyomwona mazoezini na kusoma ripoti za daktari, imemwacha aende. Swali la kwanza liwe hili: walishindwa kumlipa, au hawakutaka? Klabu yenye mikataba minne mikubwa iliyomwacha beki mzuri, huyo mfuate. Klabu yenye nafasi kubwa kwenye kikomo iliyomwacha bila hata ofa, kaa naye mbali.

Kisha usome mkataba wenyewe, usiishie kwenye kichwa cha habari. Chukua mfano: miaka 4, dola milioni 60. Bonasi ya kusaini milioni 24, mishahara milioni 2, 8, 12 na 14. Bonasi inalipwa taslimu mapema, lakini kwenye kikomo inagawanywa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi 5, hivyo hapa ni milioni 6 kila mwaka. Hesabu ya kikomo inakuwa 8, 14, 18, 20. Mwaka wa kwanza unaonekana rahisi, na hapo ndipo mashabiki wanashangilia. Ukimwacha baada ya misimu miwili, mishahara ya 12 na 14 unaikwepa kama haina dhamana, ila milioni 12 za bonasi zilizobaki zinaangukia mwaka wa tatu zote kwa pamoja. Unaokoa 6 tu na mtu hayupo. Ukimwacha baada ya Juni 1 zinagawanyika, 6 mwaka huo na 6 unaofuata. Maumivu yaleyale kwa awamu. Denver walipomwacha Russell Wilson mwaka 2024 walibeba takriban dola milioni 85 za namna hiyo katika misimu miwili.

Washington walimpa Albert Haynesworth mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 100 mwaka 2009. Alikaa misimu miwili. Philadelphia 2011 walikusanya majina, Nnamdi Asomugha akiwemo kwa milioni 60 za miaka 5, wakamaliza na ushindi 8 na vipigo 8.

Klabu hiyohiyo ya Philadelphia ndiyo baadaye iliyofanya kazi safi kuliko zote nilizoziona miaka ya karibuni. Kikosi kilichochukua ubingwa Februari 2025 kwa kuifunga Kansas City 40-22 kilikuwa na nafasi nyingi ghali kutoka kwenye drafti. Kwotabeki Jalen Hurts, namba 53 mwaka 2020. Walinzi wa pembeni wa kwotabeki, Lane Johnson wa namba 4 mwaka 2013 na Jordan Mailata wa namba 233 mwaka 2018, Mwaustralia aliyetoka kwenye raga. (Raga ni mlango unaosahaulika: Mkenya Daniel Adongo aliingia Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia drafti kabisa.) Jalen Carter katikati ya ulinzi, Quinyon Mitchell na Cooper DeJean nyuma, wote bado kwenye mikataba yao ya kwanza. Sokoni walinunua nafasi zinazobaniwa: Zack Baun, lainibeka (mlinzi wa safu ya pili), mwaka mmoja kwa dola milioni 3.5, akaishia kuchaguliwa kwenye kikosi cha wachezaji bora wa ligi. Na mkimbiaji: Saquon Barkley yuleyule, miaka 3 kwa milioni 37.75. Akakimbia yadi 2,005 msimu huo.

Kuna kipengele kinachounganisha milango hii miwili, na klabu za hovyo hukipuuza. Ukipoteza wachezaji huru wengi kuliko uliosajili, ligi inakupa chaguo za fidia kwenye drafti ya mwaka unaofuata, kuanzia raundi ya 3 hadi ya 7, zisizozidi 4 kwa klabu. Ukipoteza watatu wa maana na kusajili mmoja, kwa kawaida unapata mbili. Ila mchezaji aliyeachwa na klabu yake kabla mkataba haujaisha hahesabiwi, na anayesajiliwa baada ya Jumatatu inayofuata drafti hahesabiwi pia. Baltimore wamelifanyia kazi hili kuliko wote: wanawaacha wao waende Machi, wanavizia walioachwa, na wanasajili wakongwe Mei.

Kalenda nayo inasaidia, kwa kuwa soko hufunguliwa katikati ya Machi na drafti huwa mwishoni mwa Aprili. Machi ziba matundu kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili, hata kwa watu wa kawaida, ili Aprili usilazimike kuchagua mlinzi kwa sababu huna mlinzi. Anayechagua kwa shida huchukua mtu wa raundi ya tatu katika raundi ya kwanza.

San Francisco wameonja pande zote. Mwaka 2021 walitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza na moja ya tatu kupanda hadi namba 3 kwa ajili ya Trey Lance, aliyeanza mechi nne tu kwao. Kilichowaokoa ni Brock Purdy, mtu wa mwisho kabisa wa drafti ya 2022, namba 262, kwa mkataba wa takriban dola milioni 3.7 za miaka 4. Kwa miaka mitatu walilipa mastaa kila upande wa uwanja kwa sababu kwotabeki alikuwa karibu bure. Mei 2025 Purdy akasaini miaka 5 kwa milioni 265, na walikwishajiandaa: miezi miwili kabla, Deebo Samuel alipelekwa Washington kwa kubadilishana na chaguo la drafti, Talanoa Hufanga na Dre Greenlaw wakaenda Denver, Charvarius Ward akaenda Indianapolis. Aprili wakarudi kwenye drafti, na chaguo zao tano za kwanza zote zikawa za ulinzi.