Je, wajua kwa nini maji ya kisima hula sabuni Mombasa?

Siku mfereji umekauka, awe mtu yuko Kisauni, Likoni au Mji wa Kale, mambo ni yale yale. Unateka ndoo ya maji ya kisima, unasugua sabuni ya kipande kwenye kola ya shati la shule, unasugua tena, na badala ya povu unaona vidonge vidonge vyeupe vikielea juu kama maziwa yaliyokatika. Sabuni imeisha nusu, kola ingali nyeusi. Kina mama husema maji hayo yala sabuni.

Mimi nafundisha kemia. Siku moja, tulipofika kwenye mada ya ugumu wa maji, yaani maji kukataa kutoa povu na sabuni, msichana wa kidato cha nne akainua mkono: "Mwalimu, nyanya asema maji ya kisima yala sabuni. Ni kweli yaila?" Darasa zima likacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, yaila hasa. Nyanyako amefika kwenye jibu kabla yako."

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe. Mwamba tunaokanyaga ulikuwa mwamba hai chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kisha ukaachwa juu bahari iliposhuka. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, ama Ngomeni kama tuitavyo, waliiweka juu ya mwamba huo huo, na mawe ya kuta ni matumbawe. Nyumba kongwe za Mji wa Kale ni hivyo hivyo. Kwa jina la darasani, kitu chenyewe ni kalsiamu kaboneti.

Sasa, kalsiamu kaboneti haiyeyuki katika maji matupu, au huyeyuka kidogo sana. Lakini maji ya mvua si matupu. Yakishuka huchukua kaboni dayoksaidi hewani, na yakipenya kwenye udongo hukuta nyingi zaidi, kwa sababu mizizi na vijidudu hupumua humo. Gesi hiyo ikichanganyika na maji hutoa asidi dhaifu, ile ile inayokuchoma ulimini unapokunywa soda. Asidi hiyo ndiyo inayoutafuna mwamba polepole na kuugeuza kuwa chumvi inayoyeyuka. Mapango ya Shimoni, kule kusini ya pwani, yalichimbika hivyo: maji, gesi na muda mrefu. Na kisima chako nacho ni tundu ndani ya mwamba huo. Maji yake yaonekana safi, hayana rangi wala tope, kumbe yamebeba jiwe.

Sabuni ya kipande ni mafuta yaliyopikwa na magadi makali (kostiki soda) mpaka yakashikana na sodiamu. Sodiamu haina ung'ang'anizi, hivyo sabuni huyeyuka vizuri. Kalsiamu ikitokea, huipokonya ile sehemu ya mafuta, na mwana wao hayeyuki tena: ndivyo vile vidonge vyeupe. Povu haliji mpaka kalsiamu yote iliyomo ndooni ishibe. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya kipande hukuifulia nguo, uliilisha maji.

Hapa ndipo naona vitabu vyetu vinatupotezea nafasi. Mwanafunzi anakariri milinganyo kwa Kiingereza ili aiandike kwenye mtihani, na haimpitikii kamwe kwamba kinachozungumzwa ni chokaa aliyoiona kwenye sahani ya tambuu ya nyanyake. Basi mimi huanza na tambuu.

Nunua chokaa ya tambuu kidogo, ile inayopakwa kwenye jani kabla ya popoo. Hiyo ni chokaa iliyozimwa kwa maji. Koroga kijiko kimoja ndani ya chupa ya maji ya mvua, iache itue usiku kucha, asubuhi umimine taratibu yale maji maangavu ya juu. Hayo ndiyo maji ya chokaa ya maabara, na wala hukusubiri shule iagize kitu. Usiyaonje, na yasikuingie machoni, maana yanachoma.

Tia kidogo kwenye gilasi, ongeza maji ya mvua mara kumi yake, kisha puliza ndani kwa mrija. Usinyonye! Baada ya muda mfupi maji yanageuka meupe kama tui. Hadi hapo kila mwanafunzi anajua: pumzi ina kaboni dayoksaidi, na imetengeneza kalsiamu kaboneti, yaani matumbawe ya unga. Wengi huacha hapo, na ndipo utamu unapoanza. Endelea kupuliza. Pumzikeni, mpokezane, kwa sababu kazi hii huchukua dakika nyingi, na usipoyazimua maji mwanzoni utapuliza mpaka kichwa kizunguke. Lile tui linaanza kupungua, linakuwa ukungu, halafu gilasi inang'aa tena. Jiwe limeyeyuka mbele ya macho yenu. Mmetengeneza maji ya kisima.

Kisha yachemshe. Meupe yanarudi. Moto umeifukuza gesi, na jiwe lililokuwa limejificha limetoka. Darasa langu lilinyamaza hapo, halafu kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe birika!" Ndiyo, birika. Ule ukoko mweupe mgumu chini ya birika la chai ni kisiwa cha Mombasa kilichohamia jikoni. Ukamulie ndimu uone: utatoa mapovu madogo madogo, gesi yake ikirudi hewani.

Ugumu huo unaotoka kwa moto huitwa wa muda. Ingekuwa ni huo tu, ungechemsha maji ukafua. Lakini visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi iliyopenya kutoka pwani. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na zaidi ya gramu moja katika hizo ni magnesiamu, ambayo nayo hupokonya sabuni kama kalsiamu. Hiyo haitoki hata ukichemsha mpaka kuni ziishe, na ugumu wake huitwa wa kudumu. Ndiyo maana ukilinganisha kwa matone ya maji ya sabuni, gilasi ya kisima iliyochemshwa itahitaji matone machache kuliko isiyochemshwa, lakini mengi kuliko gilasi ya mvua. Jaribio hilo nalipenda kuliko lolote lililomo kitabuni: unahitaji gilasi tatu, sabuni iliyoyeyushwa kwa maji ya mvua na mtu wa kuhesabu bila kudanganya.

Dawa ya aina zote mbili ni magadi, sodiamu kaboneti, kama yale yanayochimbwa Ziwa Magadi. Yakiingia ndooni, kalsiamu huyakimbilia na kutua chini kama unga, na sabuni inabaki kufanya kazi yake. Sabuni ya unga haisumbuki sana, kwa kuwa imetengenezwa kwa kitu ambacho kalsiamu haikigandishi hivyo. Na sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata kwa maji ya bahari. Mabaharia waliijua zamani. Sisi tuna minazi hadi mlangoni, lakini tukienda dukani twanunua kipande cha mafuta mengine. Kuyanywa maji hayo ni habari nyingine: kalsiamu haina neno, cha kuogopa kwenye visima vya mjini ni vyoo vilivyo jirani.

Yule msichana alirudi Jumatatu. Ametia magadi kijiko kimoja kwenye ndoo, akaacha itue, akachota ya juu. "Povu lilikuja, mwalimu. Lakini nyanya asema sasa mikono yamuwasha." Nikamwambia apunguze magadi, na asuuze vizuri.