Mtoto hahitaji kuumwa malaria ili apate kinga

Kliniki za watoto hapa Tabora, kila mvua zikianza, naambiwa maneno yaleyale: "Daktari, sisi tumekulia kwenye malaria na tupo. Mwache apate kidogokidogo, damu izoee." Siku hizi wameongeza swali: chanjo ya nini, wakati mwili unajitengenezea kinga wenyewe?

Dhana hii haifi kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mtu mzima aliyekulia Urambo anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akashinda shambani kwenye tumbaku bila homa. Mwaka 1961 watafiti Cohen, McGregor na Carrington waliwachoma watoto wagonjwa wa Gambia kingamwili (protini za damu zinazopambana na vimelea) zilizotolewa kwenye damu ya watu wazima, na vimelea vikapungua. Kinga ipo. Ninachopinga ni njia ya kuipata.

Kimelea cha falsiparamu, aina ya malaria inayoua zaidi, kina jeni kama 60 za kutengeneza protini inayoibandika juu ya chembe nyekundu za damu. Mwili ukishaijua moja, kinavaa nyingine, na vimelea vya mbu mwingine vina seti yao tofauti. Kuzijua za kutosha huchukua miaka, na ni miaka hiyohiyo ambayo malaria huua: takriban robo tatu ya vifo vya malaria Afrika ni vya watoto wa chini ya miaka 5. Anayesema "tumekua na tupo" ni yule aliyebaki. Waliozikwa hawaji kliniki kutoa ushuhuda.

Bibi mmoja kutoka Sikonge aliniletea mjukuu wa miaka miwili ambaye, kwa maneno yake, "ameshaanza kuzoea", maana homa zilikuwa hazimlazi tena. Nilikifungua kiganja cha mtoto: hakikuwa na wekundu hata kwenye mikunjo. Kope za chini, nyeupe. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani akihema. Homa kweli hakuwa nayo, lakini damu ilikuwa imeisha. Aliongezewa damu usiku uleule. Ndugu zangu, tazameni viganja vya watoto wenu, msingoje joto.

Halafu kinga hiyo haikai. Kijana akiishi miaka kadhaa pasipo na malaria hurudi Tabora akaugua kama mgeni. Mimba ya kwanza nayo huwashtua wengi, kwa sababu vimelea vinavyojificha kwenye kondo la nyuma hutumia protini ambayo mwili wa mama haujawahi kukutana nayo.

Chanjo hufanya kazi mahali pengine kabisa. RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na R21 ya mwaka 2023 zinalenga sporozoiti, vile vimelea vinavyotemwa na mbu kabla havijaingia kwenye ini. Mbu hutema vichache, navyo hupita haraka, hivyo mwili hauvijui vizuri hata ukiugua mara nyingi. Chanjo inaufundisha mwili jambo ambalo kuumwa hakulifundishi, na mtoto halipii kwa damu yake. Hapa kwetu hilo si dogo: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vimelea kwa watoto 23 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 mkoani Tabora, wakati wastani wa nchi ulikuwa 8.

Mengine nayajibu kwa ufupi.

Chanjo haimpi mtoto malaria. Haina kimelea hai, ni kipande cha protini kilichounganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini B. Kahoma ka siku moja au mbili ni mwili ukiitikia.

Aliyechanjwa bado analala kwenye chandarua. Katika jaribio kubwa la RTS,S, ambalo Bagamoyo na Korogwe walishiriki, dozi nne zilipunguza malaria kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. Kingamwili hushuka haraka miezi ya mwanzo, ndiyo maana ipo dozi ya nne. Tarehe yake iandikwe kwa herufi kubwa juu ya jalada la kadi.

Maembe hayaleti malaria. Msimu wake unaangukia mvua na mbu, basi.

Na kipimo cha haraka kikisoma malaria wiki mbili baada ya kumaliza dawa ya mseto, haimaanishi dawa imeshindwa. Protini ya vimelea vilivyokufa hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Kama homa imerudi, omba damu itazamwe kwa hadubini.